Beit al-Sahel: Vyombo Vipo, Wenyewe Wako Wapi?

Beit al-Sahel, jumba linalotazama bahari karibu na Forodhani, Unguja, lilikuwa makazi ya masultani wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likawa makumbusho. Kwa wengi katika sisi tulio nje, kulizuru ni kama kubisha hodi kwa jamaa.

Mpango wake wa kufuata zama, tangu Sayyid Said hadi Sayyid Khalifa bin Harub (1911–1960), ni mzuri. Makabati ya formika ya Sayyid Khalifa huwashangaza wanaotarajia dhahabu, na yanafunza jinsi wafalme wa mwisho walivyoishi chini ya himaya ya Waingereza. Chumba cha Sayyida Salme ndicho bora, kwani kinamsimulia mtu. Ila mgeni asidhani Salme alipita katika kuta hizi: jumba la zamani lilivunjwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896.

Kasoro kubwa ni mbili. Kwanza, mwisho wa nyumba hii umesimuliwa kwa uchache mno. Sayyid Jamshid bin Abdullah aliondoka Januari 1964, akaishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, akarejea Oman 2020, akafariki Desemba 2024. Kijana wetu huviona vitanda na viti, asijue kwa nini vimebaki bila wenyewe, wala yaliyowafika waliouawa na waliohama.

Pili, waliotandika vitanda hivyo hawaonekani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria 1897 tu. Mama yake Salme mwenyewe, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacircassia. Watumwa, masuria na walezi walikuwa wengi kuliko wafalme, na wana wajukuu wao, wengine wakiwa katika koo zetu wenyewe.

Hatuwezi kudai la kwanza tukalinyamazia la pili. Tukiomba msiba wetu pekee uandikwe, tutakuwa tumeongeza upande mmoja tu wa hadithi. Familia zenye picha na barua za nyumba hii, khasa zenye wazee wanaokumbuka, zitoe nakala na kurekodi maneno yao sasa. Makumbusho nayo yawe tayari kuyapokea yote, matamu na machungu.