Kijiti Bado Anatoroka

Mara ya kwanza kusikiliza albamu ya Siti Muharam nilikuwa kwenye matatu ya Langas, mvua ya Eldoret inanyesha ile ya kukataa kuisha. Dereva alikuwa na ngoma zake, mimi na zangu masikioni. Karo ilikuwa imenishinda na chuo nikaacha, na kila wimbo kwenye simu ulikuwa unaniambia nijikaze. Nikakutana na mwanamke wa Zanzibar anayeimba kama mtu ambaye hana haraka hata kidogo. Nikapitisha stejini kwangu.

Albamu inaitwa Siti of Unguja. Ilitolewa 2020 na On the Corner Records ya London, na Mohamed Issa Matona ndiye aliyeongoza wanamuziki. Siti Muharam ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla hajaanza kuimba. Taarab ya ikulu ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, kwa mtindo wa Cairo. Siti binti Saad akaishusha mtaani, akaiimba kwa Kiswahili, na 1928 akavuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Nyimbo za bibi huyo ndizo kitukuu anazoimba hapa.

Sasa, wanaoisifu albamu hii hupenda kusema kwamba taarab imekutana na jazz. Hapo mimi nabisha kidogo. Ukisema hivyo, ni kama taarab ilikuwa imekaa tu kwa kiti ikisubiri mgeni aje kuifundisha kucheza. Lakini sikiliza mpiga udi anapoingia kwenye taksimu. Mdundo unanyamaza, anabaki peke yake, anatafuta njia ndani ya maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu, na anachopiga leo hatakipiga vilevile kesho. Huko ni kubuni papo hapo, na kulikuwepo kabla New Orleans haijatujua wala sisi kuijua. Wamarekani wenyewe waliligundua hilo zamani. Ahmed Abdul-Malik, aliyempigia Thelonious Monk besi, alirekodi Jazz Sahara mwaka wa 1958, udi na saksafoni ndani ya chumba kimoja.

Kwa hiyo naona albamu hii inafaulu pale inapoacha nafasi. Klarineti ya besi inanguruma chini, udi unajibu juu, na Siti Muharam anaingia katikati bila kumsukuma mtu. Machozi ya Huba ni hivyo. Inapokosea ni pale mitambo ya studio inapomwaga mwangwi mpaka maneno yanakuwa moshi. Kwa msikilizaji wa London asiyejua Kiswahili, labda ni sawa, moshi ni mtamu. Kwetu sisi maneno ndiyo nusu ya taarab. Ukiyafunika, umetunyima habari.

Na kuna wimbo mmoja ambao habari ndiyo kila kitu. Kijiti. Siti binti Saad aliutunga kutokana na kisa cha kweli: mwanamke mgeni Unguja, tena mjamzito, alibakwa na kuuawa. Mtuhumiwa akatorokea bara. Kesi ilipofika kortini, walioadhibiwa ni watu waliofika kutoa ushahidi. Ni enzi ya Mwingereza, na mwimbaji asiyejua kusoma anaisuta korti kwa jina la muuaji. Magazeti ya serikali yangesema nini? Watu walikuwa na wimbo.

Mimi nausikilizia Eldoret, na hapa si wimbo wa kale. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa Iten, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Tarehe 5 Septemba 2024 Rebecca Cheptegei alifariki katika hospitali ya rufaa ya Moi, mjini humu humu, siku chache baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Hao ni wale tuliojua majina yao kwa sababu walikimbia mbio na dunia ikawaona. Wengine hatukuwahi kuwaona kwenye televisheni.

Siku moja niliupiga Kijiti kwa spika ndogo kwenye kibanda ninapokunywa chai. Mama mwenye kibanda si mtu wa Pwani, na Kiswahili cha Unguja kilimpiga chenga mara mbili tatu, nikawa namfafanulia. Alisikiliza huku akipepeta mahindi. Wimbo ulipoisha aliuliza kitu kimoja tu.

“Na huyo Kijiti, walimshika?”

“Hapana, mama. Walishika mashahidi.”

Akasonya. “Rudisha hapo mwanzo.”

Nikarudisha. Safari hii nilimsikiliza Siti Muharam vizuri zaidi. Halii na hapigi kelele. Anauvuta mstari kidogo nyuma ya mdundo, anaugeuza, kama mtu anayerudia ushahidi ule ule mbele ya hakimu asiyetaka kuandika. Kama hiyo ndiyo jazz, basi sina ubishi tena.

Itafute. Anza na Machozi ya Huba usiku, taratibu. Kijiti usikilize na mtu, na mkimaliza, ongeeni.