Hadithi ya Nyoka Asiyekufa

Katika kitabu cha Askofu Lechaptois, Aux rives du Tanganika, kilichotolewa mwaka 1913, imo hadithi fupi ya Wafipa na Wabende juu ya asili ya mauti. Yasimulia kwamba Leza alishuka duniani, akaviuliza viumbe vyote ni nani asiyetaka kufa. Wanadamu na wanyama walikuwa wamelala. Nyoka peke yake alikuwa macho, akaitika. Ndiyo sababu sisi twafa, naye hafi ila akiuawa, maana kila mwaka hujivua gamba akarudia ujana.

Mwaka 1918 James Frazer, mwanachuoni wa Uskoti, aliitia hadithi hii katika kitabu chake Folk-lore in the Old Testament, pamoja na nyingine nyingi za mataifa. Aliona kwamba zote zatoka katika wazo moja: watu wa kale walidhani nyoka avuapo gamba huvua na uzee. Hata katika utenzi wa Gilgamesh wa Babeli nyoka auiba mmea wa ujana, akaacha gamba lake.

Ulinganisho huo wafaa, walakini una upungufu. Frazer hakufika Ufipa. Aliing'oa hadithi kama mche usio na udongo. Wafipa walimheshimu sana chatu, hata Roy Willis akamweka katika kitabu chake Man and Beast, mwaka 1974, karibu na ng'ombe wa Wanuer na kakakuona wa Walele. Basi aliyesikiliza hadithi hii Milanzi, kwenye makao ya watawala wa kale wa Ufipa, hakusikia habari ya mnyama yeyote tu.

Tena, Frazer alitafuta kosa la akili, na hadithi yanena habari ya usingizi. Leza hakumnyima mtu. Aliuliza mbele ya wote. Hapo ndipo inapoachana na kitabu cha Mwanzo. Kule mtu aliisikia amri akaivunja. Huku hakusikia neno. Msomaji asizichanganye kwa sababu ya nyoka tu.

Na tupime alichopewa nyoka. Elimu ya viumbe yatufundisha kwamba hujivua gamba kwa kuwa anakua, naye huzeeka na kufa kama wengine. Lakini hata tukiifuata hadithi yenyewe, uhai wake wategemea fimbo ya mpita njia. Na ndani ya gamba jipya yumo nyoka yule yule. Huko ni kutokufa. Si uzima wa milele. Asimuliaye matangani kana kwamba tulipoteza hazina kwa kulala, hajaisikiliza mpaka mwisho.

Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, hafundishi kuyakwepa mauti bali kufufuka baada yake, naye atoa mfano wa mbegu. Mkulima wa ulezi aujua mfano huo: gamba hurudisha kilichokuwako, bali mbegu huacha umbo lake ili kitoke kisichokuwako.

Wako wasemao kwamba hadithi hii yathibitisha wazee wetu hawakuwa na tumaini. Si hivyo. Yaeleza kwa nini twafa. Haikuulizwa twaenda wapi, wala ukimya wa hadithi moja si ushuhuda juu ya imani ya watu wote. Basi tuwasimulie watoto wetu, ila tusiiache ijibu swali ambalo si lake.