Kosa la Herufi Sita

Mliokuwa ukumbini mliiona slaidi ya 14: jedwali la mistari thelathini, herufi kama mbegu za mchicha, na mzungumzaji akiwaomba radhi walioketi nyuma. Sisi wa mbele tulistahili radhi hiyohiyo.

Slaidi alizitengeneza kwa Beamer, darasa la LaTeX la slaidi, na kwenye mabano ya fremu hiyo aliandika shrink. Hapo ndipo alipoharibu. Jedwali lilipofurika, LaTeX ilimwonya kwenye logi. Yeye akaacha mistari yote thelathini na kubana herufi. Kwa chaguo hilo Beamer hupanga kwanza fremu kwa saizi ya kawaida, huipima urefu, kisha huminya maandishi yote hadi yaenee. Ukurasa wake wa kawaida ni milimita 128 kwa 96, mdogo kwa makusudi, ili pointi 11 zikikuzwa na projekta zisomeke hata mlangoni. Ukibana, hesabu hiyo yote inavurugika, na lile onyo umelifunga mdomo kama mlinzi aliyeona mwizi. Till Tantau, aliyeiunda Beamer mwaka 2003 kwa ajili ya kutetea tasnifu yake ya udaktari, ameliita chaguo hili ovu ndani ya mwongozo wenyewe. Mwongozo nani anausoma siku hizi?

Mistari mitatu ingetosha ukutani. Ile ishirini na saba ingeingia kwenye kabrasha: andika handout kwenye documentclass, na faili lilelile linakutolea toleo la kuchapa.

Vituo vya pause vilikaa sawa, na fremu za msimbo alizipa fragile. Safi.

Ila Warsaw tena! Nimeipigia kelele miaka mingi mandhari hii inayojaza kichwa cha slaidi kwa majina ya sehemu, na vile vialama vya urambazaji pale chini kulia sijaona mtu akivibofya. Amri moja inaviondoa. Vijana wa reveal.js na Slidev, wanaoandika slaidi zao kwa Markdown, wasicheke. Dashi zao tatu huzaa slaidi mpya upesi, na wao huijaza upesi vilevile.

Wazee wa SliTeX ya Leslie Lamport, iliyotengeneza slaidi kabla ya Beamer, walichapa kila rangi kwenye plastiki yake, kisha wakazipandanisha kwa mkono juu ya taa. Kwa kazi hiyo, nani angethubutu kubeba mistari thelathini?