Vizibo Saba Mezani

Mwalimu wetu wa hisabati wa darasa la tano alikuwa na kopo la maziwa lililojaa vizibo vya soda. Siku ya namba tasa hakuandika kitu ubaoni. Alimwaga vizibo 12 mezani, akatuita tuizunguke meza. "Vipangeni mistari iliyo sawa." Tukapata mistari miwili ya sita sita, kisha mitatu ya vinne vinne. Akaondoa vitano. "Haya, na hivi saba?" Tukahangaika navyo. Kila tulivyopanga, kuna vilivyobaki pembeni, mpaka tukakubali kwamba saba haipangiki ila mstari mmoja mrefu. Hapo ndipo akalitamka neno: tasa.

Naupenda sana ufundi huo wa kulifungua neno kabla ya kulidai kwenye mtihani. Istilahi zetu nyingi zinafunguka, ila zinataka mkono wa kuzifungua. Tazama 3/8. Ya chini ni asili: inakwambia chungwa lilikatwa vipande vingapi. Ya juu ni kiasi: umechukua vingapi. Mtoto aliyeambiwa hivyo huku chungwa likikatwa mbele yake hatasema tena kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne.

Namba shufwa, zinazogawanyika kwa mbili, na witiri, zinazobakiza moja, zina njia yake. Mtoto wa Kiislamu wa Tanga au Unguja huenda ameshamwona babu yake akisali witiri baada ya isha, rakaa moja au tatu, na maana anayo tayari. Mwenzake asiyeijua sala hiyo hukariri tu, labda ampate mwalimu wa kuwasimamisha wanafunzi wawili wawili, washikane mikono, aonekane aliyekosa wa kumshika.

Lakini narudi kwenye tasa, maana neno hili lina uzito. Wagiriki wa zama za Euclid waliziita namba hizi "za kwanza", na Kiarabu na Kiingereza vikafuata njia hiyohiyo. Kiswahili kikatazama upande mwingine, kikachukua neno ambalo mwanamke akiitwa nalo huumia. Naona mwalimu ana wajibu wa kulimalizia. Namba hizi ni tasa ukizigawanya. Ukizizidisha, ndizo zinazozaa. 12 ni 2 × 2 × 3. 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Kila namba nzima inayozidi 1, kama si tasa, imetokana na namba tasa, na ukoo wake ni huo mmoja tu, uanze kuufuatilia popote utakapo. Mimi nimelipenda neno hili zaidi tangu nilipoijua nusu yake ya pili.

Siku ile mwenzetu mmoja aliuliza, "Na moja, Mwalimu, nayo ni tasa?"

Mwalimu akaokota kizibo kimoja. "Zidisha saba kwa moja. Umepata nini?"

"Saba."

"Zidisha tena kwa moja."

"Saba, Mwalimu."

"Zidisha mpaka jioni, utabaki na saba yako ileile. Moja haijengi namba yoyote, kwa hiyo hatuihesabu na tasa."

Akakitia kizibo kile mfukoni mwa shati, vingine akavirudisha kwenye kopo.