Sanamu na Maneno ya Mchoraji

Miaka hii maonyesho ya sanamu yanaongezeka katika miji yetu. Huku Lubumbashi, tangu mwaka 2008, chama cha Picha kimekusanya mara nyingi wachoraji na wapiga foto wa Kongo na wa inchi nyingine. Ni jambo la kusifu. Tena imekuwa desturi kwamba mchoraji anasimama mbele ya watu katika nyumba ya makumbusho, anaeleza kazi yake, nao wanamwuliza. Juu ya mazungumzo hayo tunataka kusema neno moja.

Siku moja tulihudhuria maonyesho ya namna hiyo. Mchoraji alikuwa kijana wa hapa hapa, aliyelelewa katika Kiswahili. Kumbe alisema Kifransa tangu mwanzo hata mwisho, tena Kifransa kigumu cha vitabu. Karatasi zilizobandikwa kando ya sanamu zilikuwa vile vile. Nyuma yetu mzee mmoja, aliyefanya kazi ya migodi, alitazama sanamu ya kiwanda, akawaeleza mama wawili kwa sauti ndogo kazi iliyofanyika pale. Msimamizi akamwambia anyamaze. Tukajiuliza: kati ya mzee na mchoraji, ni nani aliyekuwa anafundisha?

Zamani haikuwa hivi. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga, iliyoitwa wakati ule Shaba, waliuza sanamu zao kwa wafanyakazi na waalimu, nao walizitundika katika chumba cha kupokelea wageni. Walizihesabu kuwa vitu vya ukumbusho: mamba muntu, vita vya mababu, «Colonie belge» pamoja na mfungwa anayepigwa fimbo. Mgeni alipoitazama sanamu, mwenye nyumba alianza kusimulia. Sanamu ilikuwa pale kusudi watu wafungue kinywa.

Mfano mkubwa ni Tshibumba Kanda Matulu. Miaka 1973 na 1974 alichora, juu ya nguo ya mifuko ya unga, sanamu zaidi ya 100 za historia ya inchi yetu. Akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya mwalimu Johannes Fabian, aliyenasa sauti yake. Alijihesabu kuwa mwanahistoria, si mchoraji tu.

Tutazame moja ya sanamu hizo: kufa kwake Patrice Lumumba pamoja na Mpolo na Okito, waliouawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao inaonekana misalaba mitatu. Padri akiona hivi anashtuka. Tumsikilize kwanza mchoraji. Alieleza kwamba damu iliyotoka ubavuni mwa Lumumba imeandika chini neno la umoja, na nyota sita zilizo juu ni kwa sababu alikufa kwa ajili ya umoja huo. Akamlinganisha wazi na Bwana Yesu. Hapo hatukubaliani naye, maana Mwokozi ni mmoja. Lakini sasa tunajua tunabishana juu ya nini: juu ya damu ya ndugu iliyomwagwa katika inchi yetu wenyewe. Bila maneno yale tungalipita, ao tungalimhukumu bure.

Na leo sanamu hizo ziko wapi? Ziko Amsterdam, katika nyumba ya makumbusho iliyoitwa zamani Tropenmuseum. Maneno yake yalitoka mwaka 1996 katika kitabu cha Kiingereza. Mtoto wa Katuba ao wa Kamalondo anaweza kuzeeka bila kuziona wala kusikia neno.

Wengine watajibu: sanamu nzuri haihitaji mkalimani, na Kifransa kinatuunganisha na dunia. Ni kweli kwa sehemu. Katika «Mémoire», kazi ya mwaka 2006, Sammy Baloji aliweka foto za wafanyakazi wa zamani za wakoloni katikati ya viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Mgeni wa Ulaya anaelewa huzuni ile bila kuambiwa. Lakini mjukuu wa mfanyakazi anajua zaidi: anajua kazi, anajua kambi, anajua nani hakurudi. Basi mgeni atafutiwe mkalimani. Mwenye nyumba asifanywe mgeni kwake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mchoraji aseme kwanza kwa lugha ya mji, halafu maneno yatafsiriwe. Karatasi za kando ziandikwe kwa Kiswahili pia. Na maneno ya watazamaji, hata ya yule mzee aliyenyamazishwa, yanaswe na kuwekwa pamoja na sanamu. Sanamu inaweza kununuliwa na kupelekwa ng'ambo. Maneno yakibaki kwetu, hatukupotewa na yote.