Anna May Wong: Mhusika Hufa, Mwigizaji Je?

Wengi wanaomtaja Anna May Wong (1905–1961) humlilia tu. Eti maskini, alinyimwa nafasi! Ni kweli alinyimwa. Lakini nathubutu kusema kwamba uhakiki wa namna hiyo unaishia kwenye maudhui, na kuisahau fani yake.

Wong alizaliwa Los Angeles, Marekani, binti wa dobi wa Kichina. Akiwa na miaka 17 aliigiza kama mhusika mkuu katika The Toll of the Sea (1922), sinema bubu ya rangi. Mhusika wake anamkabidhi mwanawe kwa mke wa Kizungu wa bwana aliyemwacha, kisha anajitosa baharini. Mwaka 1928 akaenda Ulaya. Katika Piccadilly (1929) yeye ni Shosho, mwosha vyombo wa klabu moja ya London, anayepanda hadi kuwa mcheza dansi maarufu. Naye anauawa. Mnauona mchezo? Mwandishi amekwishaamua: mwanamke wa Kichina akipendwa na Mzungu, basi afe.

Sasa mtazameni Shosho akicheza juu ya meza kule jikoni. Hana haraka. Macho yake hayaombi ruhusa ya mtu. Bosi anamfukuza kazi, na bosi huyohuyo ndiye anayekuja kumtaka acheze klabuni. Mswada unamwita kishawishi. Mwili wake unasema ni msanii anayeijua thamani yake. Hapo mwigizaji anabishana na mwandishi, na mimi naona anamshinda.

Mtu atauliza: ushindi gani huo, ikiwa katika The Good Earth (1937) nafasi ya mkulima wa Kichina alipewa Paul Muni, na ya mkewe Luise Rainer, Wazungu wote wawili, na Rainer akapata Oscar? Swali zito, silikwepi. Fani haikuuvunja ubaguzi wa studio. Lakini mwaka huohuo, katika Daughter of Shanghai, Wong anaishi hadi mwisho na anachumbiwa, na mchumba wake anaigizwa na Philip Ahn, mwenye asili ya Korea. Ilikuwa filamu ndogo, lakini ilionyesha kwamba kile kifo hakikuwa lazima.

Mwaka 2022 Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye uso wake. Ni heshima, sikatai. Ila sisi wa fasihi tuna deni jingine: tukihakiki tamthilia au sinema, tusiulize tu mhusika alitendwa nini. Tuulize mwigizaji alifanya nini na kile alichopewa.