Holoferne Ni Nani? Uhakiki wa Juditha triumphans kwa Jukwaa la Kolwezi

Makala haya yanakusudia kuihakiki oratorio ya Antonio Vivaldi iitwayo Juditha triumphans, yaani Yudithi Mshindi, kwa kuitazama kama kazi inayoweza kuimbwa na kuonyeshwa Kolwezi kwa Kiswahili. Oratorio ni utungo mrefu wa dini ambao waimbaji, kwaya na okestra husimulia kisa bila kukiigiza. Anayeupandisha jukwaani huongeza sura mahali palipokuwa na sauti tu. Swali letu ni hili: amvike adui sura ya nani?

Kazi hii iliimbwa Venice mwaka 1716 na wasichana wa Ospedale della Pietà, nyumba iliyolea watoto waliotelekezwa. Vivaldi alifariki mwaka 1741, na miswada yake ikasahauliwa kwa karibu karne mbili. Mwaka 1926 sehemu yake kubwa, pamoja na Juditha, iligunduliwa katika chuo cha Wasalesiani cha Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia. Wasalesiani hao ndio walioingia Katanga mwaka 1911. Leo miswada hiyo imo katika maktaba ya taifa ya Turin.

Kisa kimetolewa katika Kitabu cha Yudithi. Holoferne, jemadari wa Nebukadneza, anauzingira mji wa Betulia na kuuzuilia maji. Yudithi, mama mjane, anashuka kambini pamoja na mjakazi wake, anangoja jemadari alewe, kisha anamkata kichwa. Ikumbukwe kwamba kitabu hiki kimo katika Biblia ya Wakatoliki lakini hakimo katika Union Version inayosomwa na Waprotestanti wengi. Kwa hiyo katika mji kama Kolwezi, wenye waumini wa pande zote mbili, mwongozaji hawezi kudhani kuwa watazamaji wote wanakijua kisa. Sehemu zinazosimulia hazina budi kuimbwa kwa lugha wanayoielewa.

Maneno ya oratorio yaliandikwa kwa Kilatini na Giacomo Cassetti, na hayakuandikwa kwa ajili ya ibada peke yake. Mwaka huo huo wa 1716 majeshi ya Milki ya Osmani yalikuwa yamekizingira kisiwa cha Corfu, kilichokuwa chini ya Venice. Shairi lililoambatanishwa na maneno hayo linafumbua istiara waziwazi: Yudithi ni Venice, Betulia ni Kanisa, Abra mjakazi ni Imani, na Holoferne ni Sultani wa Waturuki. Mwishoni kuhani Ozia anautabiria mji wa Venice ushindi.

Istiara hiyo haiwezi kuvuka salama na kuingia katika Kiswahili. Maneno ambayo mfasiri atayahitaji kwanza, kama vile imani, sala, dhambi, malaika na nabii, yote yana asili ya Kiarabu. Lugha yenyewe ilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara, wengi wao wakiwa Waislamu, kabla ya kukua katika kambi za wachimbaji wa shaba. Mwimbaji atakayemlaani Mwislamu kwa Kiswahili atakuwa anamlaani kwa maneno aliyoyapokea kwake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba muziki wa Vivaldi haukubaliani na shairi lile. Holoferne anapombembeleza Yudithi, anaimba kwa upole, akifuatwa na zumari na kinanda, wala hatumsikii dhalimu katika wimbo huo. Vagaus, mtumishi wake, anapoukuta mwili usio na kichwa, hasira yake ni hasira ya mtu aliyefiwa. Yudithi naye, akisindikizwa na mandolini, anaimba kwamba miaka ya binadamu hupita upesi, neno linalomhusu yeye na adui yake sawasawa. Hapa ndipo tunapouona ubora wa kazi hii: mshairi alimtaja adui, mtunzi akamsikiliza.

Waongozaji wa siku hizi wamezoea kuibadilisha istiara ya zamani kwa nyingine. Mwaka 2019, Floris Visser alikihamishia kisa hiki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alipokionyesha Amsterdam. Huko watazamaji wamekwisha kukubaliana adui wa vita hiyo alikuwa nani. Kolwezi haina makubaliano ya namna hiyo. Mwezi Mei 1978 mji huu uliingiwa na wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola, wengi wao wakiwa wana wa Katanga, kisha wakashuka askari wa miavuli wa Ufaransa na wa Ubelgiji. Mamia ya raia walikufa, Waafrika na Wazungu. Sare yoyote atakayovikwa Holoferne itakuwa sare ya ndugu wa mtu aliyeketi ukumbini, au ya yule anayemhesabu kuwa mwokozi wake.

Tena lipo la karibu zaidi. Kati ya 1992 na 1994 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Katika Kiswahili chetu watu huchukua ba-: bamama, batoto, basoda. Kiambishi bi- ni cha vitu na vijidudu. Jirani aliondolewa kwanza katika ngeli ya watu, ndipo akaondolewa katika nyumba yake.

Kwa maoni yetu, basi, mambo matatu yanafaa. Kwanza, utabiri wa Ozia kuhusu Venice uachwe. Pili, desturi ya Pietà ifuatwe: sehemu zote ziimbwe na wanawake, na atakayemwimba Holoferne atoke katika kwaya ile ile ya Betulia, akiwa amevaa kitenge kile kile. Tatu, nyimbo kuu zibaki katika Kilatini, kama ilivyofanya Missa Luba ya Kamina mwaka 1958, iliyochanganya Kilatini na nyimbo za Katanga na za Kasai. Lakini masimulizi yawe katika Kiswahili cha hapa. Mfasiri aangalie mkazo, kwa kuwa katika Kiswahili huhama neno linaporefuka: katika simama uko kwenye silabi ma ya kati, katika simameni unahamia me, na noti nzito haina budi kuufuata. Na askari wa Holoferne, hata wanapokimbia, waitwe basoda. Wasitolewe kamwe katika ngeli ya watu.

Wapo watakaosema kwamba adui asiye na sura hawezi kumtisha mtazamaji. Sisi tunaona kwamba mji uliokwisha kuzingirwa hauhitaji kufundishwa hofu. Unachohitaji ni kuisikia sauti ya adui ikitoka miongoni mwa wenyeji, na kuitambua kuwa ni sauti ya mtu.